Wati za lumbesa: Namna ya kuchagua sabufa bila kupunjwa

Kila mwaka mazao yanapouzwa, iwe mahindi Mbozi na Songea, pamba Kanda ya Ziwa au korosho Mtwara, wafanyabiashara wa vifaa vya umeme huifuata fedha hiyo hadi minadani. Pembeni ya mitumba na ndoo za plastiki hupangwa sabufa zenye taa za rangi, na ubavuni mwa kila boksi imeandikwa namba kubwa: wati 5,000, wati 8,000, hata wati 12,000. Mnunuzi hulinganisha namba hizo kama anavyolinganisha magunia, kisha huchukua yenye namba kubwa ambayo mfuko wake unaweza kuimudu.

Wapo wataalamu wanaopenda kumkemea mkulima anayenunua muziki kabla ya mbolea. Makala haya hayana nia hiyo. Familia iliyokaa shambani tangu Novemba ina haki ya kusikiliza taarabu au mpira jioni. Tatizo ni kwamba wengi hulipa fedha ya sabufa kubwa na kurudi nyumbani na ndogo, kwa sababu namba waliyoiamini haipimi kitu chochote cha maana.

Wakulima wanaijua vizuri lumbesa, gunia linaloshonewa kilemba juu ili mnunuzi abebe zaidi ya alicholipia. Wakala wa Vipimo umekuwa ukipambana nayo kwa miaka mingi. Wati za kwenye boksi ni lumbesa iliyogeuzwa: kilemba kimeshonwa, lakini ndani ya gunia hamna kitu.

Mara nyingi pembeni ya namba hiyo huandikwa herufi PMPO. Hicho ni kipimo cha nguvu inayodaiwa kutokea kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na hakuna kanuni moja inayowabana watengenezaji jinsi ya kukikokotoa. Ni sawa na mtu apime hindi moja lililonona kuliko yote shambani, alizidishe kwa idadi ya mashina, kisha atangaze kuwa hayo ndiyo mavuno ya ekari. Kipimo cha kuulizia ni RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo. Sabufa iliyoandikwa PMPO 8,000 inaweza kuwa na wati 40 au 60 tu za RMS.

Muuzaji akibisha, mwambie mfanye hesabu pamoja. Plagi ya kawaida ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampia 13. Kwa umeme wa volti 230, plagi hiyo haiwezi kupitisha zaidi ya wati 3,000 hivi kwa muda mrefu. Wati 12,000 zitapita wapi?

Namba ya kweli, au iliyo karibu na ukweli, huwa nyuma ya chombo, kwenye kibati au karatasi ndogo inayoonyesha volti na kiasi cha umeme kinachotumika. Geuza sabufa, isome. Ikiwa imeandikwa wati 50, basi haiwezi kutoa muziki wa zaidi ya wati 50 mfululizo, kwa kuwa hakuna mashine inayotoa nguvu kuliko inayoingizwa. Tena kiasi fulani hupotea kama joto. Amplifaya za mtindo wa zamani hupoteza karibu nusu, ilhali za kisasa za daraja D hupoteza kidogo sana.

Hata hizo wati za kweli zisikupe homa. Ukiongeza nguvu mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua lakini haimshtui mtu. Ili uhisi sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inatakiwa iongezwe karibu mara 10. Kwa hiyo kulipa zaidi ili utoke wati 40 kwenda 60 ni kutupa fedha, kama vingine vyote vinalingana.

Kinachofaa kulipiwa ni spika yenyewe. Besi ni hewa inayosukumwa, na anayesukuma hewa nyingi ni mwenye koni pana. Koni ya inchi 8 ina eneo mara nne ya koni ya inchi 4, ingawa kwa kutamka inchi zinaonekana ni mara mbili tu. Angalia pia kasha. La mbao au ubao wa kubana, lenye kuta nene, hutulia. La plastiki hutetemeka lenyewe na kuongeza mlio usiokuwemo katika wimbo. Gonga ubavu wake kwa kidole kama unavyopima tikiti. Uzito nao husaidia kukisia, kwa sababu sumaku kubwa na transfoma ni vitu vizito, ingawa siku hizi vipo vyombo vizuri vyepesi visivyotumia transfoma kubwa.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau ni zile spika ndogo mbili au nne zinazokuja na sabufa. Sikio la binadamu husikia kuanzia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na sabufa hushughulikia sehemu ya chini tu. Sauti za watu, gitaa na tarumbeta hutoka kwenye spika ndogo. Zikiwa na koni ya inchi 2 au 3, haziwezi kushuka chini vya kutosha kukutana na sabufa, hivyo katikati hubaki pengo. Hapo ndipo utasikia ngoma inadunda na mwimbaji anakwaruza, lakini kifua cha sauti yake hakipo.

Kwa mkulima hili ni kubwa kuliko anavyodhani, kwa kuwa kinachosikilizwa zaidi katika nyumba nyingi za vijijini ni redio: taarifa ya habari, bei za mazao, mpira, mahubiri. Muuzaji atakupigia wimbo wenye besi nzito, maana anajua utakavyotikisa kichwa. Mwombe afungulie redio, umsikilize mtangazaji kwa dakika tano. Kama huwezi kutofautisha maneno yake sauti ikiwa ya wastani, chombo hicho kiache dukani. Nenda pia na flashi yako yenye nyimbo tatu unazozijua tangu utotoni, kisha panda kidogokidogo hadi sauti ianze kupasuka. Mahali inapoanzia kupasuka ndipo mwisho wa chombo, hata kama kitufe bado kina nafasi ya kuzunguka. Spika nyingi zinazoungua majumbani haziui wingi wa nguvu, bali amplifaya ndogo iliyolazimishwa kupita hapo, na twita ndiyo hutangulia kufa.

Umeme ulio nao ndio uamue

Mwenye umeme wa gridi hana mashaka makubwa. Chombo cha wati 60 kikipigwa saa tano kila siku kwa nguvu zote kitakula uniti 9 kwa mwezi, na kwa kawaida muziki hautumii nguvu zote wakati wote. Asome tu volti zinazokubalika, kwani mwisho wa laini ndefu umeme hushuka sana jioni watu wote wanapowasha taa. Kilichoandikwa volti 100 hadi 240 kitavumilia. Kilichoandikwa 220 hadi 240 pekee kinaweza kuhitaji stabilaiza, na hiyo ni gharama nyingine.

Mwenye sola afanye hesabu kabla ya kutoka nyumbani. Betri ya volti 12 yenye ampia-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya risasi na tindikali, isitumiwe zaidi ya nusu kama unataka iishi, hivyo una wati-saa 600. Sabufa ya wati 60 kwa saa tano itachukua 300 kati ya hizo, kabla ya taa, simu na televisheni, na inveta nayo itakata ushuru wake. Chagua yenye nyaya za kufunga moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, utaepuka hasara ya inveta pamoja na ule mvumo ambao inveta za bei rahisi huupenyeza kwenye spika.

Magunia mangapi?

Tufanye mfano. Tuseme seti nzuri inauzwa shilingi 240,000, na gunia la mahindi mwezi Julai ni shilingi 40,000. Hiyo ni sabufa ya magunia sita. Ikiwa gunia litafika shilingi 60,000 mwezi Januari, seti ileile itagharimu magunia manne, mradi mahindi yamehifadhiwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa na dumuzi hawakuyamaliza. Si kila mwaka bei hupanda. Mwaka 2017, serikali ilipozuia mahindi kwenda nje ya nchi, waliosubiri waliumia. Hata hivyo kwa msimu wa kawaida tofauti ya magunia mawili inaweza kuchangia sehemu nzuri ya mbolea ya ekari moja. Mfanyabiashara wa mnadani anajua hivyo, ndiyo maana haji Januari.

Kwa fedha hiyohiyo wengine huangalia vyombo vya mtumba, na mara nyingi hupata spika bora kuliko mpya za bei yake. Spika zisizo na amplifaya ndani hazina hatari kubwa: bonyeza taratibu ukingo unaoizunguka koni, na ukiwa wa sponji unaomeguka, mwache muuzaji nayo. Wa mpira huvumilia joto na unyevu miaka mingi zaidi. Amplifaya ndiyo ya kuogopa, hasa iliyotoka Japani, kwa kuwa huko umeme wa majumbani ni volti 100. Ukiichomeka kwenye volti 230 bila transfoma ya kushushia, itanuka moshi kabla hujasikia wimbo. Linganisha pia omu, kile kipimo cha ukinzani kinachoandikwa nyuma. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba kwenye tundu moja huwa omu 4, na amplifaya iliyoandikwa omu 6 kwenda juu itachemka.

Nyumbani, sabufa moja inatosha chumba cha kawaida, kwa sababu sikio halijui vizuri besi inatokea upande gani. Ukiisogeza kwenye kona itavuma zaidi bila kuongeza hata wati moja, lakini chumba kidogo chenye sakafu ya saruji kitageuka pipa. Irudishe kwenye ukuta ulio wazi, tandika mkeka na tundika mapazia. Bati likitetemeka, fundi agongelee misumari. Mvua ikinyesha juu ya bati hilo, hakuna sabufa itakayoshindana nayo.

Mwisho, angalia nyaya. Wekundu uende kwenye wekundu na weusi kwenye weusi kwa spika zote. Moja ikigeuzwa, koni yake inaingia ndani wakati mwenzake inatoka nje, besi zinauana hewani, na mwenye nyumba anarudi mnadani kununua sabufa kubwa zaidi.