Mto Umejaa, Malisho Yamekauka: Jinsi Mvua Inavyopima Ukame Bonde la Tana

Mto Tana unaweza kupita Hola ukiwa umejaa hadi kingoni, huku wafugaji kilomita chache kutoka hapo wakihamisha mifugo kwa kukosa malisho. Maji ya mto hutokana hasa na mvua ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ilhali nyasi za Galole, Bura na Garsen hutegemea mvua inayonyesha papa hapa. Ndiyo sababu wataalamu hawapimi ukame kwa kuutazama mto peke yake.

Ukame hupimwaje?

Ukame ni mvua kupungua kuliko kawaida ya mahali husika. Milimita 100 kati ya Machi na Mei ni msimu mbaya sana kwa Nyeri, lakini kwa Bura huenda usiwe mbali na kawaida.

Vipima mvua husomwa kila siku saa tatu asubuhi. Palipo na vituo vichache, hutumika makadirio ya setilaiti, ambayo yapo tangu 1981. Mvua ya msimu hulinganishwa na rekodi za miaka 30 au zaidi za eneo hilohilo, kisha hupewa alama kwa kipimo kiitwacho SPI. Sufuri ni kawaida. Alama zikishuka, ukame unazidi:

- -1.0 hadi -1.49: ukame wa wastani
- -1.5 hadi -1.99: ukame mkali
- -2.0 kwenda chini: ukame uliokithiri

Alama za miezi mitatu huonyesha hali ya malisho na mimea shambani. Za miezi 12 huonyesha hali ya mto na mabwawa kama Masinga. Kwa hivyo, bonde moja linaweza kuwa na alama nzuri nyanda za juu na mbaya huku chini kwa wakati mmoja.

Funzo la 2020 hadi 2022

Kuanzia mvua za vuli za 2020 hadi zile za 2022, misimu mitano mfululizo ilikuwa duni katika maeneo kame ya Kenya. Familia huweza kustahimili msimu mmoja mbaya. Mitano humaliza mifugo. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilileta mafuriko. Nyasi ziliota upya, lakini mifugo iliyokufa haikurudi.

Mkaazi afanye nini?

Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa kila mwezi kwa kila kaunti kame na nusu kame. Huunganisha takwimu za mvua na hali ya mimea, umbali wa kufuata maji, bei ya mifugo na lishe ya watoto, kisha hutaja hatua iliyofikiwa: kawaida, tahadhari, hatari au dharura.

Tahadhari ikitangazwa, mfugaji anashauriwa kuuza baadhi ya mifugo ingali na afya na bei ingali nzuri, na kuhifadhi nyasi. Akingoja dharura, atauza mifugo iliyokonda katika soko lililofurika.

Kwa mkulima wa kando ya mto, mvua kubwa milimani ni onyo la mafuriko hata kama kwake hakujanyesha tone.

Wakaazi wanaweza kumuuliza chifu au afisa wa kilimo wa wadi kuhusu taarifa ya mwezi huu.