Jaji Aliyegeuza Kinamasi Kuwa Mashamba

Je, msomaji mpenzi, wadhani mtu asiyekanyaga chuo kikuu aweza kuwa jaji na mwandishi wa vitabu vya falsafa? Basi msikilize Henry Home wa Uskoti.

Alizaliwa mwaka wa 1696 katika shamba la Kames. Baba yake alikuwa na ardhi, lakini madeni yalimlemea. Kijana alifunzwa nyumbani, kisha akapelekwa Edinburgh kujifunza kazi katika afisi ya wakili. Alijibidiisha mpaka mwaka wa 1752 akawa jaji wa Mahakama Kuu, akaitwa Lord Kames.

Mwaka wa 1766, akiwa na umri wa miaka 70, mkewe, Agatha Drummond, alirithi shamba kubwa la Blair Drummond, karibu na mji wa Stirling. Sehemu kubwa ilikuwa kinamasi cha mboji, na kina chake mahali pengi kilizidi kimo cha mtu. Wengine wangekata tamaa. Kames alijua kuwa chini yake mlikuwa na udongo wenye rutuba. Aliamuru mitaro ichimbwe, mboji ikatwe na kutupwa majini, nayo maji yaichukue hadi mto Forth. Maskini waliokubali kusafisha vipande vya kinamasi walipewa ardhi hiyo walime, bila kulipa kodi miaka ya kwanza.

Lakini usidhani alikuwa malaika. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1774 kuhusu historia ya binadamu, alidai kwamba huenda watu wa rangi mbalimbali hawakutoka katika asili moja. Madai hayo yalikuwa ya uongo, na yaliwafaa wabaguzi baadaye.

Hata hivyo, mwaka wa 1778 ililetwa mbele ya majaji kesi ya Joseph Knight, Mwafrika aliyeuzwa Jamaica na kupelekwa Uskoti na bwana wake, John Wedderburn. Knight alitaka kuondoka awe huru. Majaji waligawanyika. Kames alikuwa miongoni mwa walio wengi, walioamua kwamba sheria ya Uskoti haitambui utumwa. Knight akaenda zake, mtu huru.

Kames alifariki mwaka wa 1782, akiwa bado jaji. Nawe mzazi, ukiwasimulia watoto habari zake, usiwafiche upande wowote. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.