Kongosho likiugua ghafula, damu inasema nini?



Mtu ametoka kazini vizuri. Usiku tumbo linamkamata upande wa juu, maumivu yanapita mpaka mgongoni, anatapika bila kupumzika. Hospitalini wanamtoa damu. Bibi yake anasikia: «Lipazi imepanda mara 10.» Anaanza kulia. Siku ya 4 anasikia kwamba namba imeshuka, anataka kumrudisha bwana nyumbani. Mara zote mbili amekosea. Kwa nini?

Kongosho linakaa nyuma ya mfuko wa chakula. Linatengeneza maji ya kusaga chakula. Likiugua ghafula, mara nyingi kwa sababu ya mawe ya nyongo au pombe, maji hayo yanaanza kulisaga lenyewe, na lipazi na amilazi zinaingia katika damu. Zikifika mara 3 ya kipimo cha juu cha kawaida, pamoja na maumivu ya namna ile, muganga anajua ugonjwa ni wa kongosho.

Lakini angalieni: namba hizo zinataja jina la ugonjwa, hazitaji ukali wake. Wa mara 10 anaweza kupona upesi. Wa mara 4 anaweza kufa. Tena amilazi hushuka kwa siku 3 mpaka 5, hata kama hatari haijaisha. Anayekawia nyumbani anaweza kukutwa na amilazi ya kawaida.

Ukali unatafutwa katika namba nyingine:

— Urea inapanda: mwili umekaukiwa maji, figo zinateseka.
— Hematokriti inapanda: damu imekuwa nzito, mgonjwa anahitaji serumu.
— Sukari inapanda: kongosho halitoi insulini ya kutosha.
— Kalsiyumu inashuka sana: ni alama mbaya.
— Transaminazi za ini zinapanda sana: pengine jiwe la nyongo limeziba njia.

Ndiyo sababu wanamtoa damu tena na tena. Si kummaliza damu. Ni kuona njia ugonjwa unayoshika.

Basi, tushike mambo matatu. Maumivu kama haya yakianza, nenda hospitali usiku uleule. Mwambie muganga kweli juu ya pombe, hata lutuku. Yeye si polisi. Na mgonjwa asitoke kitandani kwa ajili ya namba moja iliyoshuka. Muganga ndiye atakayesema siku ya kurudi nyumbani.