Msikilizaji Naye Asikilizwe

Siku ya afisa ustawi wa jamii katika halmashauri ya wilaya mkoani Dodoma inaweza kuanza na mama anayedai matunzo ya mtoto, kisha mzee anayeomba msamaha wa gharama za matibabu. Kabla ya adhuhuri anaitwa na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto: kuna binti amekimbia asikeketwe. Jioni anaandika taarifa inayosubiriwa na Mahakama ya Watoto. Mshauri nasaha wa kliniki ya VVU na mwalimu wa unasihi shuleni nao wanaijua kazi ya namna hiyo. Nyenzo kubwa ya washauri hawa wote ni utu wao wenyewe, na nyenzo hiyo huchakaa.

Uchakavu huo, yaani uchovu wa kazi, uligunduliwa mapema miongoni mwa wasaidizi wa watu. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika jinsi watumishi wa kujitolea katika kliniki ya bure jijini New York walivyoingia kazini na ari kubwa, kisha wakazimika. Baadaye Christina Maslach na Susan Jackson walitengeneza kipimo chake, kilichochapishwa mwaka 1981. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa lililopitishwa mwaka 2019, linaueleza kuwa ni matokeo ya msongo wa kazi uliodumu muda mrefu bila kudhibitiwa. Haliuhesabu kuwa ugonjwa. Linauweka mahali pa kazi, na hapo ndipo dawa yake inapoanzia.

Dalili zake ziko katika mafungu matatu. Kwanza, nguvu za moyo huisha: mshauri analala na kuamka akiwa amechoka vilevile, kichwa kinamuuma kila Jumatatu, na mteja asipotokea anashusha pumzi. Pili, anajitenga na watu anaowahudumia. Anaanza kumwita mteja kwa namba ya faili, au kusema "hawa ndivyo walivyo" kabla hajamsikiliza hadi mwisho. Tatu, anaona kazi yake haina maana, hata pale ambapo mtoto aliyemhudumia amerudi shuleni.

Tusichanganye hali hii na nyingine mbili. Sonona haiishii kazini. Humfuata mtu mpaka kwenye mambo aliyokuwa akiyapenda, na huhitaji matibabu. Jeraha la kusikia nalo humpata anayepokea simulizi za ukatili: picha za mkasa wa mteja zinamjia usingizini kana kwamba ulimpata yeye. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote matatu, kwa hiyo asijipime peke yake.

Uwanda wa kati wa Tanzania, ulipo mkoa wa Dodoma, una mizigo yake. Mvua zina msimu mmoja, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili. Zikikatika mapema na mtama ukakauka, ugomvi wa nyumbani na utoro shuleni huletwa mezani kwa mshauri. Mteja anahitaji unga, na mshauri ana maneno tu. Kumwona mtu akiondoka bila msaada ulio nje ya uwezo wako kunaweza kuchosha kuliko wingi wa kesi. Tena katika miji kama Kongwa, Mpwapwa na Kondoa, mshauri hukutana na wateja wake sokoni, kanisani au msikitini, na usiku simu yake inaita kwa kuwa kila mtu anayo namba.

Kikwazo kingine ni aibu. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe imekuwa Dodoma tangu miaka ya 1920, lakini jina lake bado hutumika mitaani kama tusi. Mshauri anayewahimiza wengine kutafuta tiba huogopa kuonekana getini pale. Sisi wa taaluma hii tukiwa wa kwanza kwenda kliniki bila kujificha, tusi hilo litapungua makali.

Ila kabla ya kliniki ipo kinga. Mchimba madini anayevuta vumbi haambiwi awe na moyo mgumu. Anapaswa kupewa barakoa na hewa safi. Kwa mshauri, kinga hiyo ni usimamizi wa kitaalamu: kikao cha faragha kila baada ya wiki mbili na mshauri mzoefu, ambaye si yule anayepima utendaji wake. Hapo kesi ngumu hujadiliwa bila kutaja majina, na mshauri huulizwa zimemfanya nini yeye. Pasipo na mzoefu, washauri wa Chemba na Kondoa, ambazo ziko barabara moja, wanaweza kukutana kila mwezi na kusikilizana.

Mkuu wa idara naye agawe kesi za ukatili ili zisimwangukie mtu mmoja, aweke simu ya zamu kwa ajili ya dharura za usiku, na ahakikishe likizo inachukuliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 28 mfululizo. Kuzilimbikiza si uzalendo. Mshauri mwenyewe asipange kesi mbili nzito bila pumziko kati yake.

Hayo hayadai jengo wala mashine. Yanadai muda ulioandikwa kwenye ratiba na nauli iliyotengwa kwenye bajeti ya halmashauri. Bajeti ijayo ikiandaliwa, wakuu wa idara waweke mstari wa nauli hiyo, na washauri wauulizie.