Kiboko humnyamazisha mtoto leo, lakini kesho je?

Ni saa mbili usiku katika nyumba moja ya kupangisha mtaani Kayole, Nairobi. Mama ametoka kazini amechoka. Nauli ya matatu imepanda kwa sababu ya mvua na mwenye nyumba amekwisha kumpigia simu mara mbili. Anapofungua mkoba wa mwanawe wa Gredi ya Nne, anakuta barua ya mwalimu: mvulana amepigana tena. Mama hasemi mengi. Anachukua mshipi. Mtoto analia, anaomba msamaha, kisha ananyamaza. Mama analala akiamini kwamba somo limeingia.

Baada ya wiki mbili barua nyingine inafika. Mvulana amempiga mwenzake.

Kisa hiki ni cha mfano tu, lakini hakuna mtaa usiokijua. Wazazi wengi waliolelewa kwa kiboko husema ndicho kilichowafanya kuwa watu. Wakikosolewa, hujibu kwa methali: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Je, kiboko hurekebisha tabia kweli, au humnyamazisha mtoto kwa saa chache tu? Wanasaikolojia wamelichunguza swali hili kwa miaka mingi, na baadhi ya majibu yametoka hapa hapa Kenya.

Hoja ya desturi

Kwa muda mrefu uchunguzi mwingi kuhusu adhabu ya viboko ulifanywa Marekani na Ulaya. Wengi walipoambiwa kwamba watoto wanaochapwa huwa wagomvi na wenye wasiwasi, walisema hayo ni mambo ya Wazungu. Hoja yao haikuwa ya kipumbavu. Katika nchi kama Sweden, ambayo mwaka 1979 ilikuwa ya kwanza duniani kupiga marufuku uchapaji wa watoto hata nyumbani, mtoto anayechapwa hujiona amebaguliwa. Lakini mahali ambapo kila mtoto huchapwa, mtoto huona mzazi wake anafanya tu yale ambayo wazazi wote hufanya. Basi kwa nini aumie moyoni?

Hoja hiyo ilipimwa. Mwaka 2005 kundi la watafiti lililoongozwa na Jennifer Lansford wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi sita: China, India, Italia, Kenya, Ufilipino na Thailand. Mmoja wa watafiti hao alikuwa Paul Oburu wa Chuo Kikuu cha Maseno. Akina mama 336 walihojiwa pamoja na watoto wao. Waliulizwa ni mara ngapi mtoto huchapwa, na kama wanaamini wazazi wengine wa mahali pao hufanya vivyo hivyo. Kisha ikatazamwa tabia ya mtoto: je, ni mgomvi? Je, ana wasiwasi mwingi?

Kati ya nchi hizo sita, Thailand ndiyo iliyotumia adhabu ya viboko kwa uchache zaidi. Kenya ndiyo iliyoongoza.

Matokeo yaliwapa wenye hoja ya desturi nusu ya ushindi. Ni kweli kwamba mahali ambapo kuchapa ni jambo la kawaida, uhusiano kati ya kiboko na matatizo ya mtoto ulikuwa hafifu zaidi. Lakini haukutoweka. Katika nchi zote sita, Kenya ikiwemo, watoto waliochapwa mara nyingi zaidi ndio waliokuwa wagomvi zaidi na wenye wasiwasi zaidi. Desturi hupunguza makali ya kiboko, haiyaondoi.

Upendo na mshipi

Wako wazazi watakaosema: "Mimi humchapa mwanangu, lakini anajua nampenda." Hilo nalo lilichunguzwa.

Lansford na wenzake waliendelea na kazi yao katika nchi nyingi zaidi, wakigharimiwa na taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia utafiti wa afya ya watoto. Kwa upande wa Kenya, familia zilitoka Kisumu. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2014, watoto 1,196 wa umri wa miaka 7 hadi 10 kutoka nchi nane walihojiwa pamoja na mama zao, kisha wakahojiwa tena baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka miwili.

Kwa jumla, kadiri mtoto alivyochapwa ndivyo wasiwasi na ugomvi wake ulivyozidi kadiri miaka ilivyopita. Kadiri mama alivyokuwa mwenye upendo wa wazi, ndivyo matatizo hayo yalivyopungua, ingawa nchi hazikufanana katika kila jambo. Lakini kulikuwa na jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Katika baadhi ya nchi, watoto ambao mama zao waliwapenda sana na pia kuwachapa sana walizidi kuwa na wasiwasi. Upendo haukuwa dawa ya kiboko.

Si vigumu kuelewa sababu. Mtoto anayechapwa na mtu asiyemjali hujua la kutarajia. Anayekumbatiwa asubuhi na kuchapwa jioni na mikono ile ile hubaki akijiuliza kila siku ni mama yupi atakayeingia mlangoni. Watafiti hao walihitimisha kwamba madaktari na washauri katika nchi zote wawashauri wazazi waache kuchapa, hata pale ambapo nyumba ina upendo.

Nani alianza?

Msomaji makini atauliza swali jingine. Huenda si kiboko kinachomfanya mtoto kuwa mtundu. Huenda ni mtoto mtundu ndiye anayejitafutia viboko.

Swali hili ni la haki, na ndilo linalowafanya watafiti warudi kwa familia zile zile mwaka baada ya mwaka. Ukimhoji mtoto mara moja tu, huwezi kujua kilichotangulia. Lakini ukijua alivyokuwa mwaka wa kwanza, unaweza kuangalia kama waliochapwa zaidi walizidi kuharibika kuliko wenzao waliokuwa watundu sawa nao. Uchunguzi wa namna hii umeonyesha kwamba mambo yote mawili hutokea: utundu huleta viboko, na viboko huongeza utundu. Ni gurudumu linalojizungusha.

Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff wa Chuo Kikuu cha Texas na Andrew Grogan-Kaylor wa Chuo Kikuu cha Michigan walikusanya matokeo ya tafiti 75 zilizohusu watoto 160,927. Waliacha kando mateso makali, wakatazama kofi la kawaida la makalioni, mikononi au miguuni, ambalo wazazi wengi huliona si kitu. Walipima mambo 17. Katika 13 kati ya hayo, kofi liliendana na madhara: ugomvi, matatizo ya akili, uhusiano mbaya na mzazi na mengineyo. Hakuna hata jambo moja ambalo lilionyesha wazi kwamba kofi lilimfaidi mtoto.

Kwa nini tunaamini kinafaa

Ikiwa hivyo ndivyo, mbona wazazi wengi huapa kwamba kiboko hufanya kazi? Ni kwa sababu hufanya kazi kwa dakika tano.

Gerald Patterson, mwanasaikolojia aliyefanya kazi katika jimbo la Oregon, Marekani, aliwatuma wasaidizi wake kuketi ndani ya nyumba za watu na kuandika kila kilichotokea kati ya mzazi na mtoto. Aliyoyaona aliyaeleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1982. Mama anamwambia mtoto azime televisheni. Mtoto analalamika. Mama, kwa uchovu, ananyamaza, na mtoto anajifunza kwamba kulalamika hushinda. Siku nyingine mama anapiga kelele au kofi, na mtoto anatii papo hapo. Sasa ni mama aliyejifunza: ukali hushinda. Kesho mtoto atalalamika zaidi, na mama atahitaji ukali zaidi. Kila mmoja anamfunza mwenzake kuwa mbaya, bila hata mmoja wao kukusudia.

Turudi kwa mvulana wetu wa Kayole. Alichapwa kwa sababu ya kupigana. Akiwa amejaa hofu na maumivu, hakuwa akitafakari jinsi ya kumaliza ugomvi kwa maneno. Alichojifunza ni kwamba mwenye nguvu akikasirika, hupiga. Shuleni, mbele ya mtoto mdogo kuliko yeye, mwenye nguvu ni yeye.

Umri wa ujana unapofika, mambo huwa magumu zaidi. Kijana wa miaka 15 anaweza kuwa mrefu kuliko mamake, na mshipi haumtishi tena. Kama mshipi ndio ulikuwa kamba pekee iliyomfunga kwa mzazi, kamba hiyo imekatika wakati pombe, bangi na marafiki wabaya wanamngoja nje ya lango.

Nini basi kinachofaa?

Kuacha kiboko si kuacha kumrudi mtoto. Mtoto asiyewekewa mipaka huharibika pia, na wanasaikolojia hawabishani kuhusu hilo. Swali ni njia.

Afrika Kusini imetoa mfano mzuri. Katika mkoa wa Eastern Cape, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Cape Town walizihusisha familia 552 kutoka vijiji na mitaa 40. Nusu ya maeneo hayo yalipata mafunzo ya vipindi 14 vilivyomkalisha pamoja mzazi, au nyanya kama ndiye mlezi, na kijana wake. Waliofundisha hawakuwa madaktari; walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Walifundisha jinsi ya kumsifu kijana, kuweka kanuni kwa makubaliano, kutuliza hasira, na hata kupanga matumizi ya pesa za nyumbani.

Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Miezi kadhaa baada ya mafunzo, familia zilizofundishwa zilikuwa na ukatili na viboko vichache zaidi, wazazi walifuatilia mienendo ya vijana wao vizuri zaidi, na matumizi ya pombe na dawa za kulevya yalikuwa yamepungua kwa wazazi na vijana. Hali ya pesa nyumbani ilikuwa afadhali pia. Hilo lisimshangaze mtu. Mzazi aliyelemewa na madeni ana subira fupi.

Kenya nayo inabadilika. Mwaka 2010 vijana wa miaka 18 hadi 24 waliulizwa kuhusu maisha yao kabla ya kutimiza miaka 18. Wasichana 66 katika kila 100 na wavulana 73 katika kila 100 walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili, uwe wa wazazi, wa watu wazima wengine au wa wenzao. Uchunguzi kama huo ulipofanywa mwaka 2019, idadi ilikuwa wasichana 39 na wavulana 52 hivi. Sheria nayo imesonga mbele. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutoadhibiwa kwa viboko.

Lakini sheria haiingii jikoni saa mbili usiku. Anayeingia ni mzazi. Haya hapa ni mambo anayoweza kuyajaribu.

Kwanza, ngoja. Ukiwa na hasira, mwambie mtoto mtazungumza baada ya chakula. Kunywa maji, toka nje dakika kumi. Kosa halitakimbia.

Pili, uliza kabla ya kuhukumu. Barua ya mwalimu husema mtoto alipigana. Haisemi kwa nini. Huenda mwanao anaonewa kila siku na wewe hujui.

Tatu, toa adhabu inayohusiana na kosa, na iwe ya muda mfupi. Aliyevunja kikombe asaidie kazi mpaka kinunuliwe kingine. Aliyepigana aende na mzazi kuomba msamaha. Aliyechelewa kurudi abaki nyumbani Jumamosi.

Nne, ukisema jambo, lifanye. Mtoto anayetishiwa mara kumi bila kitu kutokea hujifunza kwamba maneno ya mzazi ni upepo.

Tano, mkamate akifanya mema. Wazazi wengi huona kosa mara moja, lakini mtoto akiosha vyombo bila kutumwa hawasemi kitu. Neno moja la sifa wakati huo huo lina nguvu kuliko hotuba.

Sita, mjue rafiki wa mwanao na mahali alipo. Kijana anayejua kwamba ataulizwa kwa upole, na kwamba akisema kweli hatapigwa, ndiye atakayesema kweli.

Ikiwa umeshampiga, hujachelewa. Mzazi anayemwambia mtoto, "Nilikosea kukupiga, lakini kosa lako bado tutalizungumzia," hapotezi heshima yake. Anamwonyesha jinsi mtu mzima anavyorekebisha kosa. Na ukiona hasira inakushinda, au unamjua mtoto anayeteswa, piga simu namba 116. Haitozwi pesa.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Walisema mkunje. Hawakusema mvunje.