Sikio la Bibi Kizee: Masala Kulangwa, Yona na Mbinu ya Midrashi katika Hadithi Fupi

Ngano ya Masala Kulangwa inajulikana kote Usukumani, Bariadi na wilaya nyingine za Mkoa wa Simiyu zikiwamo. Zimwi liitwalo Shing'weng'we linameza watu wote pamoja na mifugo yao. Anasalia mwanamke mjamzito aliyejificha katika makapi. Anajifungua mtoto wa kiume, naye mtoto huyo anapokua analiua zimwi, analipasua tumbo na kuwatoa watu wakiwa hai. Joseph Healey na Donald Sybertz, wamisionari wa Maryknoll waliofanya kazi katika eneo hilo, waliijadili ngano hii katika kitabu chao cha mwaka 1996 kuhusu teolojia simulizi ya Kiafrika, ambamo Masala anasomwa kuwa mfano wa Kristo. Kutoka hapo ni hatua fupi kumlinganisha na nabii Yona aliyekaa tumboni mwa samaki siku tatu.

Ulinganishi huo una ukweli wake, lakini ni haba. Visa vya kumezwa na kutoka salama vimeenea duniani, na kufanana kwa tumbo na tumbo hakumwambii mwandishi wa hadithi fupi afanye nini na ngano yake. Makala haya yanadai kuwa lenye manufaa zaidi katika mapokeo ya Kiyahudi ni mbinu ya kukizalisha kisa kipya kutokana na tatizo la lugha katika kisa cha zamani. Mbinu hiyo ndiyo midrashi.

Mfano ulio wazi unatoka katika Kitabu cha Yona chenyewe. Matini ya Kiebrania inamtaja samaki kwa neno *dag*, la jinsia ya kiume. Ghafla, Yona anapoanza kuomba, neno linakuwa *daga*, la jinsia ya kike. Kisha linarudi *dag*. Mhakiki wa leo angeweza kusema ni tofauti ya mtindo tu. Wafasiri wa Kiyahudi walikataa njia hiyo rahisi. Ufafanuzi uliomo katika Rashi, mfasiri wa Troyes aliyefariki mwaka 1105, unasimulia kwamba Yona alimezwa kwanza na samaki dume, akapata nafasi ya kutosha, wala hakuomba. Mungu akaamuru atapikwe kinywani mwa samaki jike mwenye mimba, na humo, katika msongamano wa vitoto, ndipo alipoomba. Irabu moja ya mwisho imezaa tukio, nafsi na sababu ya sala. Katika tafsiri za Kiswahili kisa hicho hakiwezi kuzaliwa, kwa kuwa *samaki* hana jinsia ya kisarufi.

Kiswahili kina nyufa zake. *Zimwi lilimeza* na *zimwi alimeza* si sentensi moja: upatanisho wa *li-* hulifanya zimwi kuwa kitu cha kutisha, ule wa *a-* hulipa nafsi. Msimulizi anayehama kutoka mmoja hadi mwingine ameacha mlango wazi, na mwandishi makini anaweza kuuliza ni lini, na mbele ya nani, Shing'weng'we alianza kuwa mtu.

Jina la shujaa nalo ni ufa. Kwa kawaida hufasiriwa kuwa ‘mwerevu aelewaye upesi’, ilhali *kulangwa* ni kauli ya kutendwa ya *kulanga*, yaani ‘kufundisha’. Katika ngano Masala haelewi upesi hata kidogo! Anaua panzi akidhani ndiye Shing'weng'we, mama anamsahihisha. Anarudi na windo jingine, anasahihishwa tena. Akili yake ni ya kufundishwa, na mwalimu ni mwanamke aliyetoka makapini.

Ufa mkubwa zaidi uko mwishoni. Katika masimulizi yaliyochapishwa na Healey na Sybertz, Masala anapolipasua tumbo anamkata sikio bibi kizee kwa bahati mbaya. Bibi anakasirika, anajaribu kumroga, anashindwa kwa sababu kijana amezungukwa na watu. Baadaye Masala anapata dawa ya kumponya, naye anafanywa mtemi. Msomaji wa Injili atakumbuka sikio la mtumwa wa kuhani mkuu. Huko, hata hivyo, anayekata ni mfuasi na anayeponya ni Yesu. Hapa mkono ni mmoja. Usomaji unaomtaka Masala awe mkombozi asiye na doa hauna pa kuliweka sikio hilo, na mara nyingi tukio la namna hiyo ndilo la kwanza kuachwa ngano inapofupishwa kwa ajili ya kitabu cha shule au mahubiri.

Midrashi ingeanzia hapo hapo. Bibi kizee alikuwa amesikia nini gizani, kabla ya kisu? Je, miongoni mwa waliomzunguka kijana kumkinga walikuwamo watoto wake mwenyewe? Na dawa ilipatikana kwa nani, katika nchi ambayo waganga wake wote walikuwa wametoka tumboni siku hiyo hiyo?