Sahihi ni ya Kweli, Lakini Ndani Mna Nini?

Mkulima wa Funzi anunuapo mbegu za mahindi bara, huzivusha kwa mashua kutoka Bodo. Basi haimfai kungoja mpaka afike kisiwani ndipo aukague mfuko. Huukagua pale pale dukani: hukwangua kibandiko cha KEPHIS, huipeleka namba iliyofichwa kwa ujumbe wa simu kwenda 1393, naye hujibiwa.

Hilo ni jambo jema, lakini peke yake halitoshi. Mbegu ya H614 yaweza kuwa na kibandiko halali kabisa, nayo ni mbegu ya nyanda za juu kama Trans Nzoia. Kwetu pwani yafaa PH4. Kibandiko huthibitisha mbegu. Hakimchagulii mkulima ya kupanda.

Siku hizi wakulima wengi hupakua programu katika simu, za bei ya mazao, mvua na magonjwa ya mimea. Programu nazo zina kibandiko chao, kiitwacho sahihi ya dijitali. Yafaa kila mkulima ajue kazi yake na mpaka wake.

Sahihi hii si ya kalamu. Ni hesabu afanyayo mtengenezaji juu ya programu nzima kwa ufunguo wake wa siri. Herufi moja ikibadilishwa njiani, hesabu haikubali tena, na simu huikataa programu hiyo. Kwa hiyo sahihi husema mambo mawili tu: mwenye ufunguo ndiye aliyeitoa programu, wala haikuguswa tangu hapo. Haisemi kwamba mwenye ufunguo ni mtu mwema. Katika simu za Android mtu yeyote aweza kujifanyia ufunguo wake, hata mwizi.

Tena hata mtengenezaji anayejulikana aweza kuingiza kitu kibaya. Mwezi wa Agosti 2019, wataalamu wa Kaspersky waliikagua CamScanner, programu ya kupiga picha za karatasi, iliyokwisha kupakuliwa zaidi ya mara milioni 100. Ilikuwa imetoka kwa wenyewe, katika duka la Google. Lakini ndani yake waliona sehemu ya matangazo iliyoweza kuleta programu mbaya kwa siri. Google iliiondoa dukani, na Septemba ikarudi baada ya kusafishwa.

Basi fanya hivi:

1. Pakua katika Play Store. Faili ya APK uliyoletewa kwa WhatsApp usiifungue, hata kama imeletwa na ndugu yako.

2. Soma jina la mtengenezaji, kisha soma malalamiko ya walioitumia. Wakilia juu ya matangazo, iache.

3. Tazama ruhusa inazoomba. Programu ya magonjwa ya mihogo yahitaji kamera. Ikitaka kusoma ujumbe wako, ambamo zimo habari za M-PESA, ikatalie.

4. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti yako upande wa juu, chagua Play Protect, uiagize ikague simu.

5. Kwenye kompyuta ya chama cha ushirika yenye Windows, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ufungue sifa zake, utafute ukurasa wa sahihi. Kama hakuna sahihi, au jina si la mtengenezaji, usiiweke. Jina likiwa sawa, bado ikague kwa Defender. Wakati wa kuiweka soma kila ukurasa, ukaondoe alama kwenye kila nyongeza usiyoitaka. Nyingi za programu za matangazo huingia kwa mlango huo, kwa kuwa watu hubonyeza bila kusoma.

Je, kama imekwisha kuingia? Dalili zake ni matangazo kujitokeza hata wakati hutumii programu yo yote, betri kuisha upesi, na bando la wiki kumalizika kwa siku mbili. Kumbuka programu uliyoiweka mwisho, uiondoe, kisha uikague simu tena. Ukiona fedha zimepungua bila wewe kuzitumia, ipigie kampuni yako ya simu siku hiyo hiyo, na ubadilishe namba yako ya siri. Usingoje siku ya soko.